Shemeji Hamza Amekalia Kiti Chako

Baba Zawadi,

Nimetoka eda, na hata wiki haijaisha mdogo wako Hamza ameshatua kutoka Tanga na begi tupu. Tupu, mume wangu. Nilidhani kasahau nguo. Kumbe limekuja kubeba za kwangu. Familia imekaa kikao huko bila mimi, ikaamua nirudi, maana mjane hakai peke yake Johannesburg. Na Zawadi je? Ataizoea Tanga, wanasema. Ataizoea kama wewe ulivyoizoea baridi ya Julai ya huku: koti hukulivua.

Sikutaka kumjibu nyumbani, ambako bado kila kikombe kinanitazama. Nikamwambia twende tukale. Nikampeleka pale petu Kensington, kwenye mgahawa wa Kimeksiko usio na Mmeksiko hata mmoja. Mwenye mgahawa ni yuleyule Mreno na masharubu yake aliyoyafuga kwa ajili ya kazi. Mpishi bado ni Mmalawi. Thandi bado anahudumia meza huku akiimba nyimbo za kanisani juu ya tarumbeta za kwenye spika. Kofia kubwa ya ukutani imeongezewa vumbi tu.

Hamza akakaa kwenye kiti chako. Hakujua. Kile kinachoipa baa mgongo, kwa kuwa ulisema bia usiyoiona hukukaa nayo. Zawadi akanitazama. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Thandi akaja, akakiona kiti, akamwona aliyekikalia. "Eish, Mama Zawadi," akasema, basi. Halafu akasema kikaango chetu kipo, na nyama ya nguruwe haijakigusa. Wamekifunga utepe mwekundu kwenye mpini ili asije akakosea mtu. Wewe ulikuwa ukiwahoji kila tukienda, kama ofisa wa uhamiaji, na mimi nikijificha nyuma ya menyu kwa aibu. Kumbe walikupenda.

Hamza akaletewa vile vichapati vya mahindi vilivyokunjiwa nyama. Akainua kimoja, akakichungulia upande wa pili. "Shemeji, hii chapati imekataa mafuta?" Nikamwambia ale. Akala vyote, akaagiza vingine, na bado analaumu. Ni damu yako kabisa.

Kisha akaanza. Chumba kimeshapakwa rangi. Mama mkwe anasubiri. "Unabakia nini huku, shemeji? Kaburi? Kaburi halikimbii."

Mimi nilikuwa nimefika nusu ya sahani. Wewe unajua. Wewe samaki, mimi maharage, na katikati tunabadilishana bila kusema neno, miaka yote ile, hata siku tulizonuniana. Mkono wangu ulikuwa umeshaisukuma sahani mbele, kwako. Hamza akaitazama. "Umeshiba?"

Nikakosa pa kuupeleka mkono.

Zawadi ndiye aliyeichukua. Akanisogezea yake, akaendelea kula yangu kana kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mtoto ambaye hata salamu ya Kiswahili anaijibu kwa Kiingereza, ulivyokuwa ukimgombeza! Akamgeukia baba yake mdogo, akasema kwa Kiswahili kinachochechemea lakini kikafika: "Bamdogo, sisi tunakaa hapa. Baba anakaa hapa."

Basi ulimi wangu nao ukafunguka. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyofundishwa kwenu, kwamba kaburi halikimbii, na mimi sikimbii. Madera ninayouza Marshalltown yanatulisha. Zawadi anamaliza shule hapahapa. Mama mkwe nitakwenda kumsalimu likizo, nikiwa na tiketi ya kurudi.

Hamza akafuta mdomo. Muda mrefu, kuliko mdomo ulivyohitaji. "Sasa nyumbani nikawaambie nini?"

"Waambie ulinikuta nakula."

Akacheka. Kile kicheko chenu cha puani. Halafu kikamkatikia katikati, akainamisha kichwa, nikaona mabega yanatikisika. Ndipo nikakumbuka kwamba huyu amefiwa na kaka, na tangu atue hakuna kati yetu aliyempa pole. Tulikuwa tunalilinda kabati la nguo dhidi ya begi lake. Nikamshika mkono pale mezani, nikampa pole, na Zawadi akampa. Hata Thandi, ambaye hakuelewa neno, alikuja na kikombe cha chai asichokiagiza mtu.

Kesho tunakuletea mdogo wako. Atalia, mwache alie. Atalaumu na udongo wa huku kuwa mwekundu mno, mwache alaumu. Akishaondoka nitakuja mwenyewe Ijumaa nikusomee Yasini, na Ijumaa inayofuata, na zile za baridi pia, nikiwa nimevaa koti lako. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mume wangu. Hatuhami.

Mama Zawadi