Wifi Anahamia Benki ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Wifi anahama! Nimeambiwa na fundi cherehani aliyekuja kununua lastiki. Akashangaa sijui. Anahamia benki ya zamani, katikati ya mji – lile jengo la mawe lenye nguzo nne mbele. Yeye na majora yake ya vitambaa! Miaka kumi na moja maduka yetu yamepakana ukuta. Mteja anakata kitambaa kwake, anahamia kwangu kuchukua uzi, zipu, vifungo. Jana alikula kwangu, akaongeza mchuzi mara mbili, hakunidokezea lolote.

Nimemuuliza baba watoto. Kumbe alijua – ni dada yake, lazima ajue. Eti hakutaka nikasirike. Sijakasirika. Nina wivu. Haya, nimeandika, na humu hakuna wa kunicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kuliona. Nilijiambia nitakaa dakika tano.

Sakafu ya marumaru. Dari iko juu mpaka shingo inauma. Madirisha ya makeshia bado yapo, manne, na vyuma vyake vya shaba. Kile chumba cha kuhifadhia fedha, chenye mlango mnene kama godoro, ataweka hariri. Hariri! Mimi vifungo vyangu viko kwenye makopo ya maziwa.

Wifi akaniuliza, unapaonaje? Nikamwambia pana giza. Hapana giza hata kidogo.

Tatizo lake ni moja: majora hayapiti kwenye kaunta. Anataka dirisha moja likatwe vyuma, majora yapite. Bwana wa manispaa anayesimamia majengo ya kale amekataza. Mji mzima tunamwita Usiguse, maana hana neno lingine. Wifi akaninong'oneza, "Vyuma vitatu tu, wifi yangu. Fundi wa kuchomea anakuja Jumanne. Usiguse atajulia wapi?"

Nikacheka naye. Tukagonganisha hata viganja!

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Wifi amebeba mzigo wake wote. Ukuta wa pili kimya. Wateja kumi na wanne wamechungulia kwangu, wote wanauliza swali lile lile: yule mama wa vitambaa kaenda wapi? Wa mwisho nilimjibu sijui. Mimi! Sijui!

Nikahesabu walionunua. Mmoja. Sindano.

Nimeona leo kitu ambacho sikutaka kukiona. Sikuwahi kuwa na duka. Nilikuwa na kibaraza cha duka la wifi. Akiondoka yeye, mimi nafunga – kama si mwezi huu, ule mwingine.

Halafu saa kumi kaingia Usiguse, zipu ya begi lake imekatika. Nikampimia. Ningenyamaza tu. Lakini nikasikia sauti yangu ikiuliza, tena laini kama ya bibi harusi: kwani siku hizi vyuma vya benki vinaruhusiwa kukatwa? Nauliza tu.

Akaweka begi chini. Vyuma gani, mama?

Jumanne, 11 Machi

Wamemkamata fundi wa kuchomea na mashine mkononi, chuma cha kwanza kimeshakatika. Mlango wa benki umebandikwa karatasi: kazi imesimamishwa na mali yote itolewe mpaka manispaa ikae kikao. Baba watoto amenisimulia huku ameshika kichwa.

Nikasema, maskini. Nikaenda jikoni nikacheka. Kisha nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumatano, 12 Machi

Chumba cha wifi cha zamani kimeshachukuliwa na muuza simu. Majora hayana pa kulala. Baba watoto akayaleta kwangu, hata hakuuliza. "Si utampisha kidogo, mama watoto?" Nikampisha. Yamepanda mpaka dari. Wifi kaketi juu ya kigoda changu, macho mekundu, ananishika mkono. Bila wewe ningekuwa wapi, anasema.

Mkono wangu ulikuwa wa baridi. Akaufikicha.

Jumatatu, 17 Machi

Niseme ukweli? Sijapata wiki tamu kama hii. Watu wamejaa mlangoni. Yeye anakata, mimi nalinganisha uzi. Anajua mteja gani anapenda kubembelezwa, mimi najua nani anataka kuachwa achague mwenyewe. Jana akavaa miwani yangu kwa makosa tukacheka mpaka tukakaa chini. Nilikuwa namtaka huku. Ndilo nililokuwa nalitaka tangu mwanzo, na njia niliyopitia ndiyo hiyo.

Lakini anatafuta aliyemchongea. Kutwa! Leo ameamua: ni fundi wa kuchomea. Eti alijichongea mwenyewe apate sifa kwa manispaa. Haina kichwa wala miguu, lakini ameshaitangaza mtaa mzima, na watu wawili wamemnyang'anya kazi za mageti.

Nikasema, watu wana roho mbaya.

Jioni fundi kapita. Kanisalimia mimi, kamkwepa wifi. "Shikamoo mama." Marahaba yangu haikutoka vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nimesimama, stoo, juu ya boksi la lesi. Usiguse yuko dukani. Zipu niliyompa ni fupi, amekuja kubadilisha. Nimesema naitafuta. Ninayo mkononi.

Wifi amemrukia. Anamwomba msamaha wa vile vyuma, anamwita baba, mheshimiwa, mwanangu, vyote kwa pamoja. Usiguse anasema kikao ni wiki ijayo, huenda wakamruhusu arudi, chuma kiungwe tu kama kilivyokuwa.

Arudi!

Sasa amemuuliza. Baba, nithibitishie tu, si ni yule fundi?

Nasikia akiweka begi chini.

Usiguse anasema hapana. Anasema fundi wa watu hana hatia, asimharibie kazi bure. Yeye mwenyewe alikuja hapa siku ile kununua zipu, basi, na –

Ameishia hapo. Labda ameangalia mlango wa stoo. Labda ameelewa. Mkasi wa wifi ulikuwa unakata, sasa umesimama.

Ananiita. Hakusema wifi. Ameniita kwa jina langu, lote, hadi la baba yangu.