Mkwe Asimwendeshe Baba

Winnipeg, 8 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje? Na pale dukani New Site, vumbi limezidi? Sisi wazima, Kisakye anaota meno na hatulali. Ulisema simu inakukatikatia maneno, basi naandika.

Visa ya Baba imetoka. Atafika Januari, baridi ikiwa kali kabisa. Atakayemwendesha kutoka uwanja wa ndege ni Lilly. Usishtuke, Mama. Mimi leseni niliipata kiangazi, kazini naenda na basi, kwenye theluji sijaendesha hata siku moja. Mke wangu amekulia huku tangu wazazi wake walipotoka ukimbizini Uganda. Ungemwona na hiki kigari chetu kifupi cha jeep! Anafagia theluji yote, ya paani na ya kwenye taa. Tairi za baridi alishafunga. Anaondoka taratibu kama amebeba mayai, gari la mbele analiachia nafasi kubwa, breki anaigusa mapema na kwa upole. Nikamcheka: "Lakini si linavuta kwa magurudumu yote manne?" Akanijibu, "Linakusaidia kuondoka, mzee. Kusimama, halikujui."

Mwanao,
Owen

Juba, 19 Desemba 2024

Owen mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kifua chako na hiyo baridi vipi? Mgongo wangu ni ule ule, lakini misani nafika. Mtoto mbusu.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeisoma, nikaketi chini. Lilly amwendeshe baba mkwe wake? Unajua kwetu buko ni nini. Mkwe wa kike na baba mkwe hata mkono hawapeani, sembuse kufungiwa ndani ya kigari, magoti yanagusa kiti chake! Baba yako anajifanya mpole: "Wacha, Namukasa, huko ni ng'ambo." Nikamuuliza, ng'ambo kuna Mungu mwingine? Jirani yetu Millicent alicheka mpaka akashika ukuta: "Mzee Ponsiano abebwe na mke wa mtoto kama gunia la mihogo!" Hayo ndiyo yatakayosemwa.

Utaendesha wewe. Si uliendesha lori la maji la baba yako kwenye matope ya Rejaf, wenzako wamekwama kushoto na kulia, wewe ukapita? Alikufundisha mwenyewe: likianza kuteleza usiachie mafuta, kanyaga. Matope ni matope, hata yakiwa meupe. Sali kabla ya kuwasha.

Khalas, sitaki kusikia lingine.

Mama yako,
Namukasa

Winnipeg, 2 Machi 2025

Mama,

Natumaini umeanza kula kidogo. Mkono wangu bado una chuma ndani, daktari alinikataza kusafiri, ndiyo maana mlimzika bila mimi.

Uliniuliza ilikuwaje, nikakata simu. Ilikuwa hivi.

Lilly alikuja nami uwanjani, funguo mkononi. Baba akatoka, akatazama nje ule weupe, akauliza, "Barabara hii nani anaijua?" Nikasema Lilly. "Basi binti aendeshe. Mimi nitakaa nyuma nifumbe macho, Namukasa hataniona." Tukacheka wote watatu. Kisha nikakumbuka barua yako. Nikachukua funguo, Lilly nikamwambia arudi na basi.

Kwenye daraja gari likaanza kuteleza. Chini hakuna tope la kushika, Mama, ni kioo. Nikakanyaga mafuta. Likazunguka, upande wa Baba ukagonga lori la kokoto lililosimama. Alikuwa katikati ya kunisimulia ulivyomfungia karanga za njiani. Hakuzimaliza habari zake.

Lilly hajanilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Owen

Juba, 23 Machi 2025

Owen,

Amani ya Bwana. Mkono unauma bado? Chuma watakitoa lini? Mwisho wa barua hukuandika "mwanao". Nimeona.

Watu wakiniuliza, nasema barafu ilimuua mume wangu. Wao barafu wanayoijua ni ile ya kupozea soda, basi wanatikisa kichwa na kwenda zao. Hakuna anayeuliza nani alipaswa kuendesha.

Buko sikulitunga mimi. Nilitaka baba yako apewe heshima yake, kuna ubaya gani hapo? Padri ameniambia nisali. Nasali. Nikifumba macho tu namsikia: "Namukasa hataniona." Safari ile yote, mume wangu alikuwa anajificha mimi nisimwone.

Niandikie chochote, hata kama ni cha hasira.

Mama yako,
Namukasa

Juba, 9 Novemba 2025

Mwanangu Owen,

Uko mzima? Lilly mzima? Kisakye sasa nadhani anatembea, anafanana na nani? Namba yako haipatikani, ya Lilly inaita mpaka inakata.

Ukoo unataka kuondoa matanga ya baba yako mwezi ujao. Mrithi ni wewe. Usipokuja watamvika mwana wa baba yako mdogo joho la mrithi, na jina la Ponsiano litakwenda nyumba nyingine. Nimewaomba wasubiri. Wananiuliza kwani mtoto amekataa?

Huko theluji imerudi, nimesikia. Mpe Lilly funguo. Aendeshe yeye, hata siku nitakayokuja mimi, hata mbele ya ukoo mzima. Mtoto akae nyuma, afungwe mkanda.

Naomba unijibu upesi.

Mama yako,
Namukasa