Jiwe Juu ya Kisima

Bukoba, shuleni

Dada yangu Koku,

Kabla sijakuuliza umeamkaje, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nimepata ndugu ambaye Mama hakumzaa. Basi, sasa nakusalimu. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila ukungu wa ziwa huingia mpaka bwenini, nami hushinda kama mtu aliyeamka nusu.

Tunasoma riwaya ya Kiingereza. Ndugu wawili wana kisima kimoja. Kila jioni mkubwa hukifunika kwa jiwe, mdogo asije akanywa peke yake. Mwishowe jiwe linakuwa zito, hata yeye mwenyewe hawezi kulisogeza. Mwalimu akauliza, "Hilo jiwe ni nini?" Wenzangu wakasema jiwe ni jiwe. Mimi, unavyonijua, sijui hata nilisimamaje. "Ni woga, mwalimu. Kila mtu analo lake." Nikasikia mvua ikitembea juu ya migomba.

Tulipotoka, Idi wa Rwamishenye, mtoto wa fundi cherehani, akanishika bega. "Kumbe ulimi unao! Nilidhani umeusahau kijijini Ngenge, kwa mama yako." Nikacheka mpaka machozi. Tangu hapo hatuachani.

Jumamosi, nyuma ya mibuni, tulipasua tunda moja la kahawa. Punje mbili zimelala zimekumbatiana, unazijua. Tukajichanja kidogo, akameza yenye damu yangu, nami yenye damu yake. Ndiyo, dada, omukago, undugu wa damu, kama walivyofanya babu zetu. Mkono haukuuma hata kidogo.

Shule ikijua, tutafukuzwa. Lakini ninayemwogopa zaidi ni Baba. Ni mzee wa kanisa, na undugu wa damu huuita mambo ya giza. Na Idi ni Mwislamu. Likizo nitakuja naye. Baba asipomkaribisha kwa kahawa ya kutafuna kama mwana wa nyumba, basi akilala nje nami nalala nje, ndivyo tulivyoapa. Niongelee, dada. Baba hukusikiliza wewe.

Msalimie Mama, na Bibi, ambaye najua amenifichia senene wa kukaanga, na mwanao wa mgongoni.

Mdogo wako,
Kaijage

Viatu vya mwalimu wa bweni hivyo, vinakuja mlangoni. Naifunika karatasi kwa mkono, sasa hivi nitaifunika kwa godoro. Ona, dada, nami ninalo jiwe. Lililo kwa Baba, liondoe we—