Kitanda ya Feza

Siku ya pili ya juma, tarehe 2 mwezi wa tatu, 1954

Feza, muke wangu, amekufa. Leo asubui, saa kumi na mbili. Nilimuegemeza kwenye gunia ya maganda ya mupunga, nikaenda kuchota maji kama kila siku. Nikarudi na ndoo. Gunia imeanguka, yeye ameteleza, amelala chali kwenye mukeka. Kinywa wazi. Nilimuinua, nikamukalisha. Bure.

Wanawake wa jirani wakaja kumuosha. Maji walitumia ile ya ndoo yangu.

Kitanda yake haiko. Iko lopitali tangu siku ya tano ya juma iliyopita. Sumaili aliichukua, akasema utaipata kesho. Leo zimepita siku ine.

Naandika mu kaye yangu, daftari ya vipimo vya mbao. Hakuna mutu wa kuambia.

Siku ya tatu, tarehe 3

Tumemuzika. Upande wa barabara ya Kabambare, sababu kwao ni kule. Mvua. Udongo nzito, inashika jembe. Habari nimetuma na dereva wa lori ya pamba. Wakwe watapanda ile lori ikirudi.

Sumaili alikuja. Yeye ni kapita yetu, musimamizi wa atelye, nyumba ya kazi ya mbao, ya lopitali ya kampani hapa Kasongo. Mimi nabeba mbao, napiga randa, miaka tisa sasa. Yeye anavaa viatu. Lakini ni ndugu yangu ya kisu. Tulitahiriwa siku moja, kisu moja, kule porini kwetu, tukalalia majani pamoja mpaka vidonda vikapona. Ndugu ya kisu humufichi kitu. Humushitaki mbele ya wanawake, humushitaki mbele ya wakwe. Hiyo walitufundisha na fimbo.

Alilia kupita watu wote. Alijitupa mu matope. Wanawake wakamushika mikono, pole kapita, pole. Nikangoja anyamaze. Nikamuuliza: kitanda iko wapi?

"Ndugu yangu, leo si siku ya kuuliza mbao."

Jembe ilikuwa mukononi mwangu. Nikaiweka chini.

Siku ya ine, tarehe 4

Nakaa chini. Mufiwa akimaliza kuzika halali kwenye kitanda, hapiki, hashiki chombo ya kazi, mpaka wakwe wafike wamuoshe. Mikono haina kazi. Naandika.

Feza alianza kuvimba miguu. Kisha tumbo. Kisha pumzi. Akilala chali ni kama mutu anazama mu Lualaba. Munganga muzungu akamusikiliza kifua, akasema moyo imechoka, dawa ya kuiponyesha hakuna, alale kichwa juu. Kichwa juu namna gani? Hakusema. Tukarudi nyumbani na vidonge.

Usiku nilikuwa nakaa nyuma yake, mugongo kwa mugongo, aniegemee. Mchana nikisimama kazini macho inafunga, randa inaenda yenyewe. Sumaili akanicheka mbele ya watu: "Kalonda, bibi anakukula mpaka mifupa!"

Nikakata kitanda yetu katikati. Ile kubwa ya bambu na mbao ya muvula, niliifanya mwaka wa ndoa. Sehemu ya kichwa nikaifunga kwa ile ya miguu na mikanda ya ngozi ya swala, ipande ishuke. Chini nikaweka miti mbili ya kuisimamisha, na mbao mbili zenye meno ya kushika ile miti. Meno tano kila upande. Ya chini ni ya siku nzuri. Ya juu ni ya kula, na ya siku mbaya.

Mara ya kwanza nilikata meno wima. Miti ikaruka, Feza akaanguka na kichwa. Alinitukana, mimi na baba yangu na fundi aliyenifundisha. Kisha akacheka. Kisha akakosa pumzi sababu ya kucheka. Nikakata upya, meno yakalala nyuma kama ya musumeno. Sasa akiegemea, uzito yake mwenyewe inabana mti. Haikuruka tena.

Lakini alikuwa anateleza. Unamukalisha vizuri, kidogo tu kidevu iko kwenye kifua. Siku moja ya Mungu, kazi hakuna, sikwenda popote. Nilikaa namuangalia vile anateleza. Makalio ndiyo inaanza. Basi nikaweka kipande ya mbao chini ya magoti, ipande nayo. Magoti ikiwa juu, makalio haina njia. Hapo Feza akalala. Miezi mitano alilala, akaamuka, akanituma, akanitukana. Munganga alisema ataishi mwezi moja.

Ile siku ya tano Sumaili alikuja kula wali kwetu. Feza alikuwa inje kwenye jua. Kitanda ilikuwa tupu. Akaizunguka mara tatu, anagusa meno na kidole. Akasema munganga lazima aione. Siku moja, kuchukua vipimo.

Feza akamuambia: "Shemeji, usiniue. Kesho irudi."

"Shemeji, ikichelewa uniite muchawi."

Tukaibeba. Yeye upande wa miguu. Mimi upande wa kichwa. Mimi mwenyewe, mpaka lopitali.

Siku ya tano, tarehe 5

Mufiwa hatembei. Nilitembea.

Sikuingia atelye. Nilienda kwa Anastasi, infirmie, muuguzi wa chumba ya wanawake, kabila yake Muzimba wa upande wa Nyangwe. Mutu wa maneno mingi lakini hasemi uongo. Akanionyesha karatasi kwenye ukuta wa ofisi. Kitanda yangu imechorwa, meno, miti, yote. Chini wameandika jina. Nimesoma miaka mbili tu, lakini jina ya Sumaili naijua.

Anastasi akanieleza. Munganga alimuita Sumaili mbele ya wote, akamupa mukono. Karatasi ingine kama ile imekwenda kwa wakubwa wa kampani. Vitanda sita inafanywa, muvula safi, bawaba ya chuma. Kisha meza ya kuzalisha, akili ileile, ipande mugongo. Sumaili atapewa nyumba ya matofali.

Nikauliza: alisema ni yake?

"Munganga alimuuliza nani alifikiri hii. Akajibu: mimi bwana, sababu ya mama yangu mugonjwa, usiku halali."

Mama yake alikufa zamani, hatujatahiriwa bado.

Nikauliza: vipimo walimaliza lini?

"Siku ya posho asubui, kesho yake ya kuileta."

Siku ya posho asubui Feza alikuwa muzima. Siku ya Mungu muzima. Siku ya kwanza muzima, mimi kazini, namuuliza Sumaili, ananijibu bado tunapima. Hakuna aliyekuwa anapima. Ilibaki pale ili munganga akipita na wageni aone mugonjwa ndani yake. Ile tu.

Niliiona. Iko pembeni, chini ya dirisha. Bibi muzee amekaa ndani, ananyonya embe. Magoti juu.

Nikarudi nyumbani, nikakaa chini.

Siku ya posho, tarehe 6

Wakwe wamefika. Baba mukwe, mama mukwe, mudogo wa Feza, wengine wa Kabambare. Walilia toka njiani. Walikwenda kaburini. Kisha wakakaa, wakanywa maji, wakauliza kitanda.

Ndiyo desturi. Kitanda ya mutoto wao wanaitoa inje, wanaivunja kwenye njia panda, kifo isirudie nyumba. Kisha wanamuosha muume. Bila kuvunja, hakuna kuosha. Asiyeoshwa haguswi mukono, hali chakula na watu, hashiki chombo.

Nikasema haiko.

Mama mukwe: "Haiko namna gani? Imetembea? Ilikuwa na miguu ine, mutoto wangu alikuwa na mbili, na zile zimevimba."

Akachungulia ndani ya nyumba.

"Umeiuza. Eeh? Umeikula na wali."

Watu wakacheka kidogo. Mudogo wa Feza akaongeza: "Mama, muache. Labda kuna muke mwingine analala pale, shemeji anaona haya."

Kweli kuna muke mwingine, yule bibi muzee wa lopitali. Kisu imeshika ulimi.

Baba mukwe akanipa mpaka siku ya kwanza ya juma. Akasema mutu anayeficha kitanda anaficha sababu ya kifo. Wanaume wetu wa kisu, wale tulitahiriwa pamoja, walikuwa wamekaa pale, watatu, na viti vyao. Wanajua nani alibeba kitanda. Wakaangalia chini.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Sumaili amekuja mchana. Ameniita nyuma ya nyumba. Nilifikiri anakuja kuomba musamaha. Bure.

Alikuja sababu ya meno ya kitanda. Vitanda vya kwanza mbili vimeanguka na wagonjwa ndani. Vingine mugonjwa anashuka mpaka kichwa inapotea. Munganga amekasirika.

"Ulificha nini, weye? Nilipima yote."

Alipima mbao. Magoti hakuona, kile kipande alifikiri ni kiraka. Meno alinyoosha, aliona yangu yamepinda, akasema Kalonda hajui kukata.

Nikamuambia: leta kitanda, sema mbele ya wakwe wangu ni wewe ulichukua. Kisha nitakuonyesha.

"Unataka nivuliwe nguo mbele ya wanawake? Kisu, ndugu. Kisu."

Nikamuambia siku ya posho, siku ya Mungu, siku ya kwanza. Nilihesabu kwa vidole mbele ya macho yake. Akaangalia viatu vyake.

"Angekufa tu. Munganga alisema."

Labda ni kweli. Namuchukia zaidi sababu labda ni kweli. Lakini angekufa amekaa. Angekufa akiniangalia.

Akaenda. Hajasema pole.

Siku ya kwanza, tarehe 8

Nimesema.

Watu wote wamekaa. Baba mukwe akauliza mara ya mwisho. Nikasimama, nikasema: Sumaili, ndugu yangu ya kisu, alichukua kitanda Feza akiwa hai. Aliahidi siku moja. Aliiacha kule ili asifiwe. Feza alikufa chini.

Wale watatu wakasimama. Wakabeba viti vyao, wakaondoka. Hakuna aliyeangalia nyuma. Najua maana yake. Kutahiri watoto wetu, kuzika, kula pamoja, imekwisha.

Baba mukwe akasema twende. Tukaenda wote, barabara nzima inatuangalia. Sumaili alikuwa mulangoni kwa atelye. Akatuona, akaingia, akafunga. Mama mukwe akapita pale bila kugeuza shingo. Panga iko chini ya kitambaa yake. Anastasi akanyosha mikono kutuzuia, akaona uso yake, akatoka njiani.

Bibi muzee alikuwa amekaa mu kitanda. Miti iko kwenye jino ya tatu. Mama mukwe akasimama mbele yake. Akaangalia miguu yake imevimba. Akaibonyeza na kidole, kidole ikaacha shimo, kama ya Feza.

"Mama, unatoka wapi?"

"Nyangwe, mama."

"Unalala?"

"Tangu waniweke humu, nalala. Mbele ya hapo, hapana. Nilikuwa naona asubui zote."

Baba mukwe alikuwa mulangoni. Akasema: kitanda ni ya mutoto wetu, toeni huyo bibi.

"Ingia wewe umutoe," mama mukwe akamuambia.

Hakuingia.

"Nikimutoa anakufa kama wangu," mama mukwe akasema. "Kazi ya yule kapita mimi siifanyi."

Akainama. Akakata ufito moja wa bambu pembeni, ule hauna kazi kubwa. Bibi akauliza munafanya nini. Akamujibu: "Lala, mama."

Tulienda njia panda ya soko. Akauvunja ule ufito kwa goti, mara mbili, akatupa. Baba mukwe alinungunika, desturi ni kitanda nzima, watu watasema. Mama mukwe akamuambia watu waje kusema kwake, anakaa Kabambare, nyumba yake inajulikana.

Jioni wakaniosha mutoni. Mama mukwe hakusema tena niliuza kitanda. Hakuniita mutoto pia. Aliniambia: "Ulimujua mwizi toka mwanzo, ukatuacha tukutukane siku mbili. Kisu yenu ni ya kijinga."

Nikavaa nguo, nikawafuata nyumbani.

Siku ya pili, tarehe 9

Wakwe wameondoka. Wamechukua nguo zake, chungu, kinu. Mudogo wa Feza alinisalimia kwa mukono.

Anastasi amemuambia munganga ukweli. Jibu ya munganga: karatasi imekwisha kwenda, na mugonjwa haulizi jina ya fundi. Sumaili anabaki kapita. Nyumba ya matofali wameanza kuchimba musingi. Nilifikiri munganga atakasirika. Mimi ni mujinga.

Nilipita dirisha ya atelye. Vitanda sita imerudishwa, imepangwa. Kazi nzuri ya randa, hiyo siwezi kukataa. Meno wima yote. Magoti hakuna hata moja.

Nikarudi nyumbani. Nilisema sitagusa vile vitanda. Mchana nikasema tena sitagusa. Sasa najua nitakata meno upya, nitaweka magoti. Sumaili atapokea sifa ingine. Apokee. Niliona mutu anateleza vile, siwezi kuacha sita wateleze sababu namuchukia moja.

Musamaha sina. Asiniombe.

Siku ya tatu, tarehe 10

Mvua asubui. Nimefagia nyumba. Nimepika wali, maji mingi, imekuwa uji. Nimeikula vile.

Mchana wanaume wa kisu walipita kwenda kwa Sumaili. Nilikuwa mulangoni. Nilisalimia. Hawakuitikia.

Pale kitanda ilikuwa, udongo iko na matundu ine ya miguu. Nimesimama pale kidogo. Kisha nikalaza mukeka juu.

Nimenoa patasi. Kesho narudi kazini.