Bi Mwanakombo Amerudi Kwenye Mbuzi ya Nazi

Dada Zaina, shikamoo. Pangani kuna joto, na wali wa nazi kila siku.

Mwenyeji wangu, Bi Mwanakombo, ana maumivu sugu ya mgongo kama yako. Kwa heshima, wakweze walimkataza kazi zote, na maumivu yakazidi. Mtaalamu wa viungo alimpima akamwambia jeraha lilishapona. Ubongo ndio uliozoea kupiga yowe kila akiinama, na asipoinama kabisa unazidi kuamini kuna hatari. Ajizoeshe kidogo kidogo.

Leo ameikalia mbuzi, akaanza kukuna nazi. Mke wa mwanawe akaja mbio. “Mama, shuka, mgongo!”

“Unauma, naujua. Hauvunjiki. We nenda kapepete mchele, uache kunililia na mie ni mzima.”

Akakunja uso, akamaliza kizio kimoja, akainuka kwa kujishika ukutani. Kesho atakuna tena.

Dada, vipimo vyako navyo havikuonyesha jeraha. Waambie wanao wakuachie ufagio. Anza na kibaraza tu, ukichoka keti, kesho urudie. Mungu akupe subira, na ukaidi kidogo.

Mdogo wako,
Idi