Kona Nne za Picha ya Ouma

Migori mjini,
Kwa Shangazi Pilista.

Mama yangu,

Kabla sijasema lolote, miguu yako inaendeleaje? Shangazi alisema ilivimba tena ulipokuwa ukianika omena. Mdogo wangu Robi naye ameacha kukohoa? Na yule mbuzi mweusi, amezaa au bado anatudanganya na tumbo lake? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala chumba kimoja na mabinti wa Shangazi, na siku ya Sabato tunaenda kanisani sote.

Usiogope ukiona kifurushi ni kizito. Ndani kuna albamu niliyokutengenezea, bahasha ndogo, na kitu kingine kidogo nitakachokueleza. Tafadhali usifungue bahasha kabla ya kumaliza kusoma. Ningekupigia simu, lakini unanijua. Nikisikia sauti yako nanyamaza, unaniuliza kama nimekula, nasema ndiyo, na maongezi yanaishia hapo. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Kazi dukani kwa Mama Zuhra si mbaya. Mwanzoni nilikuwa natoa nakala na kukata karatasi tu. Kisha siku moja akaona kadi niliyomtengenezea binti wa Shangazi, ile yenye ua la magamba ya samaki.

"Haya ni magamba kweli?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hebu." Akainusa kadi, akainusa tena. "Mbona hayanuki? Umeyafanyaje?"

Nikamweleza kwamba nayaosha kwa sabuni, nayalaza kwenye maji ya ndimu, kisha nayakausha ndani juu ya kitambaa, kwa sababu yakipigwa na jua au yakipata unyevu yanajikunja kama makucha. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mashallah. Watu wanaagiza vimetameta kutoka Nairobi, na huyu anavitoa kwenye takataka za samaki!"

Tangu siku hiyo amenipa meza yangu nyuma ya pazia. Natengeneza kadi za harusi, za watoto waliozaliwa, na za kuwatakia wanafunzi heri ya mtihani, ambazo ndizo zinazopendwa zaidi. Mteja akiingia, Mama Zuhra huniita kwa sauti kubwa, "Akeyo, toka! Huyu hana meno!" Natoka, naangalia sakafu, narudi. Ananivumilia.

Sasa Mama, nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Ni kuhusu kaka Ouma. Najua hupendi azungumzwe kama mtu asiyekuwepo. Sahani yake bado unaiweka mezani kila jioni, na mimi nilipokuwa nyumbani ndiye niliyekuwa nikiifunika. Naomba tu usome mpaka mwisho.

Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka ufuoni mifuko imejaa, wewe unafikiri ni samaki? Zilikuwa karatasi. Kurasa za rangi zilizoachwa na wageni pale kwenye kambi yao, karatasi za dhahabu za peremende, lebo za soda alizozibandua polepole zisichanike. Alikuwa akinimwagia zote mapajani na kusema, "Haya, fundi, tengeneza kitu." Kazi ninayofanya leo ilianzia hapo. Hata magamba yalikuwa wazo lake. Alinitengenezea kadi ya mtihani kwa boksi la sabuni, akaandika AKEYO kwa magamba ya ngege, herufi zikapanda upande mmoja kama mtumbwi unaoingia maji. Ilikuwa mapema mno. Nilimwambia mtihani bado uko mbali.

"Chukua sasa," alisema. "Siku hizo huenda nisiwe na nafasi."

Niliingia kwenye mtihani na ile kadi ndani ya soksi, na yeye tayari alikuwa hayuko. Mtumbwi ulikuwa umerudi, taa yake ilikuwa imerudi, koti lake lilikuwa limerudi.

Mama, Ouma yuko huku. Sikuambii ili uogope. Mchana jua likiwa kali, Mama Zuhra huenda kuswali, na duka lote hunyamaza. Hapo ndipo magamba yaliyo mezani huanza kujikunja. Yanaanza upande wa kushoto, moja, halafu la pili, polepole, kama vile mtu mwenye nguo zilizolowa amesimama karibu na bega langu. Migori hakuna ziwa. Dirisha liko upande mwingine na vumbi linaingia kavu kabisa. Mimi sigeuki. Nasema tu, "Ouma, subiri, nimalize hii," na yanaacha.

Halafu picha. Uliponipa ile picha yake ya studio, ya shati jeupe, ulisema niitunze isiharibiwe na moshi wa jikoni mpaka nitakapopata mahali pazuri pa kuiweka. Ni picha yake pekee, najua. Nikaona nikutengenezee albamu yetu sote. Kuna ukurasa wa Baba, na kile kipande cha suruali yake ya kanisani ulichokuwa umekitunza tangu tulipomzika. Kuna ukurasa wa Robi na jino lake. Kuna ukurasa wako, na ukanda wa ile kanga uliyokuja nayo kutoka kwenu Ukuria ulipoolewa. Wa Ouma niliufanya wa samawati na kuuzungushia zile karatasi zake za dhahabu. Nikaibandika picha katikati. Asubuhi nikaikuta imebanduka, imelala kifudifudi. Nikatumia gundi nyingine. Ikabanduka. Nikapika gundi ya unga kama tulivyofundishwa shuleni. Ikabanduka tena, kifudifudi vilevile.

Mama Zuhra aliipitishia kidole nyuma. "Ina mafuta. Ilikuwa imetundikwa jikoni?"

Ni kweli, ilikaa miaka yote juu ya jiko la kukaangia omena. Hiyo ndiyo sababu, na naiamini. Lakini Shangazi alipoiona imelala vile, aliweka chini beseni alilokuwa amelishika na kusema, "Hawezi kukaa humo. Hata nyumbani bado hajapewa mahali." Na hiyo pia naiamini. Sijui mtu anawezaje kuamini mambo mawili, lakini ndivyo ilivyo.

Kisha nikafanya kosa. Mama mmoja wa Rangwe aliyefiwa na mumewe aliagiza kadi za kuwapa waombolezaji. Zilitakiwa ziwe na mpaka mweusi, msalaba mdogo, na jina kwa mwandiko wangu. Nilitengeneza ya kwanza aione. Akaishika, akasoma. Kisha akasema bila hasira, "Binti, mume wangu aliitwa Yusufu. Huyu Ouma ni nani?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeandika, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, *Marehemu Ouma*. Lile neno tulilokatazana kulisema nyumbani, mkono wangu ulikuwa umelisema peke yake.

Mama Zuhra akaruka. "Akeyo! Mtu ana msiba wake na wewe unamletea mwingine!"

"Mwache," yule mama akasema. Akavuta kigoda, akaketi karibu nami nyuma ya pazia. "Ni ndugu yako?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Amezikwa wapi?"

Nilikuwa nakwangua gundi kwenye kucha.

"Ziwa?"

Nikaitika tena.

"Basi mmemzikia yago?"

Nikamwambia ulivyokataa, Mama. Nilimweleza kwamba mwili haukupatikana, na Baba Mkubwa alikuja na wazee kusema wataleta lile tunda refu la mti wa yago walizike mahali pake, kama watu wa Baba wanavyofanya tangu zamani, ili Ouma awe na kaburi na aache kuzunguka. Nikamwambia ulivyojibu, kwamba kwenu hujawahi kuona tunda likiwekewa matanga, na kwamba huwezi kulilia tunda. Na Baba Mkubwa alivyosema, "Basi atatembea," akaondoka bila kunywa chai. Na kwamba sasa ametuma habari, mvua zikiisha atakuja kukuuliza kwa mara ya mwisho.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui nilivyoweza kusema yote hayo. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mtu nisiyemjua.

"Mama yako si wa huku?"

"Ni Mkuria."

"Aah. Basi ana haki. Mimi ni wa huku, nimezaliwa nikilijua yago, na bado nilikataa." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Niliwaambia wazee, zikeni, mvua ikinyesha litaota, mtakuja kuchuma wana wengine."

"Ulipoteza nani?"

"Mwanangu wa pili. Majini huko huko. Walilileta limefungwa shuka, nikageuzia uso ukutani. Basi mama mkwe wangu, mjanja yule, akaniambia, 'Nishikie basi, nifungue mlango.' Nikalishika." Akanyoosha mikono yake hivi, mitupu. "Nyathina, mwanangu, lile tunda ni zito. Ni zito kama mtoto aliyenyonya akashiba akakulalia. Mikono ilikumbuka kabla yangu. Nililia mpaka watu wakanishika, na tangu apotee nilikuwa sijatoa hata chozi."

Mama, mimi pia sijakuona ukilia.

Nikamuuliza kitu ambacho sijamuuliza mtu yeyote. "Na yeye, alikuwa akija? Kusimama nyuma yako?"

Hakuniuliza kwa nini. "Alikuwa akija. Nikifagia, nakuta sakafu ina maji. Baada ya kumzika alisimama mlangoni mara mbili tatu, kisha akaenda zake. Sasa nikimwota, nguo zake ni kavu."

Ndivyo alivyosema, nguo zake ni kavu. Kisha akaniagiza nimwandikie vizuri jina la Yusufu, na alipokuwa akitoka akaniambia ile kadi ya makosa nisiitupe. Sijaitupa. Lakini sijakutumia, kwa kuwa sitaki neno lile likufikie kwa mkono wangu kabla wewe hujalitaka.

Mama Zuhra alikuwa amesikia yote kutoka upande wa pili wa pazia. Alileta tu kipande cha karatasi nyeusi ngumu, akakikata vipande vyembamba, akaanza kuvikunja. "Picha haitaki gundi, tuachane na gundi," alisema. "Mamangu kule Pwani alikuwa habandiki picha hata moja. Unaishika kona nne. Hivi. Inakaa, na siku ukitaka kuitoa uibusu, unaitoa." Alinikunjia kona moja, tatu nikakunja mwenyewe. Ya chini kulia imepinda kidogo, utaiona.

Niliziweka kona kwenye ule ukurasa wa samawati, nikaiingiza picha. Ilikaa. Mchana ule Mama Zuhra alipoenda kuswali niliyatazama magamba mezani. Yalilala kimya, yote, mpaka aliporudi.

Kisha nikaitoa. Niliona si mimi wa kumweka.

Kwa hiyo, Mama, picha ndiyo iliyo kwenye ile bahasha ndogo, na ukurasa wake kwenye albamu una kona nne tupu. Ukisema hapana, itundike tena pale juu ya jiko. Nitakutumia kioo cha kuikinga na moshi, na sitalitaja jambo hili tena. Lakini kama moyo wako utakubali, itie kwenye kona hizo kwa mkono wako, kisha umwambie Baba Mkubwa alete tunda. Nami naomba jambo moja tu, ulibebe wewe. Usiwaachie wazee. Hata kama ni kutoka mlangoni hadi pale nje, libebe wewe.

Najua utaniambia tunda halina uso. Ndiyo maana nimetengeneza kile kitu kingine kidogo kilicho ndani ya kitambaa cheupe. Ni kadi. Nimeliandika jina lake kwa magamba, kama alivyoliandika langu. Sikuandika neno jingine lolote. Ukikubali, iwekwe ndani ya shuka pamoja na tunda, upande wa juu. Nitakuja siku hiyo. Nitatoka mbele za watu, sitajificha jikoni.

Nisalimie Nyanya, mwambie dawa ya kuchua magoti ataletewa na Shangazi. Nisalimie Robi, ukurasa wake asiutie mate akifungua. Nisalimie mjomba akipita kutoka Ukuria, na mama jirani anayekusaidia kuanika omena. Baba Mkubwa pia msalimie, hata kama hamsemezani. Shangazi anakusalimu, na Mama Zuhra, ambaye hakujui, anakusalimu vilevile.

Naandika hapa mezani kwangu, ni mchana, duka ni tupu. Nilikuwa nimeyapanga magamba ya kadi ya harusi, na sasa hivi lile la kushoto limeanza kujikunja. Sijageuka. Nimemwambia asubiri, Mama bado hajasoma.

Binti yako,
Akeyo