Gurudumu la Nyuma na Mbuzi wa Nzilani

Nyumbani Mbooni,
Makueni.
Jumanne, 10 Juni 2025.

Mpendwa kakangu Nyamai,

Hujambo huko Mombasa? Na Nzilani je, ile miguu iliyokuwa inamvimba imepungua? Mwambie asisimame sana, hilo joto si rafiki wa mja mzito. Sisi tuko, Mungu ametushika. Huku ni baridi na manyunyu. Mama anakohoa kidogo lakini bado anatugombeza, kwa hivyo najua ni mzima.

Mbuzi wako wa ntheo, wale wa kukuozea Nzilani, wamefungwa nyuma ya jiko na wamemaliza sukuma wiki yangu yote. Aki hao mbuzi wananitesa! Lakini Jumamosi lazima wafike kwa baba mkwe wako, Mzee Mutiso, kule Kitui. Bila wao Nzilani bado si mke wa mtu, na mzee ameshasema hataki mjukuu azaliwe kabla ya mbuzi kufika. Ndiyo maana situlii. Hii barua naiandika nikikaa na kusimama.

Zile bolti ulizotuma za gurudumu la pikapu itakayowabeba zilifika. Asante sana, na usikasirike: hazifai. Nati inakubali vizuri, inazunguka mpaka mwisho, ukiangalia unasema kazi imeisha. Lakini fundi Kilonzo alipokaza kwa nguvu, bolti yenyewe ikaanza kuzunguka pamoja na nati. Yale meno ya shingoni, yanayotakiwa kuuma tundu la habu, hapo kati gurudumu linapofungiwa, ni membamba. Hayaumi kitu.

Wewe uliuliza dukani kwa jina la gari na mwaka wake, na mtu yeyote angefanya hivyo. Lakini umemsahau marehemu baba? Ile habu ya nyuma kushoto aliitoa kwa gari lingine kabisa, siku ile pikapu ilipomharibikia ikamlaza njiani kule Kambu, akafunga akasonga. Gari lina jina moja, lakini mguu mmoja ni wa kuazima.

Sasa Anko Mulinge, ambaye ndiye dereva, anataka tuzungushie vipande vya bati ili zikaze, ama twende hivyo hivyo na zile bolti mbili za zamani ambazo hazikukatika. Wazee watakaopeleka mbuzi wakamsifu, eti huyo ndiye mwanaume. Wuu, nilikasirika! Nyuma watakaa hao wazee na mbuzi, na wewe unaujua mteremko wa kutoka huku kwetu. Naogopa, Nyamai. Jana nilienda kulishika lile gurudumu mara sijui ngapi, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kwa hivyo ndani ya hii karatasi nimekufungia bolti ya zamani na nati yake. Usiende na picha niliyokutumia kwa simu, picha haina unene. Enda na chuma chenyewe. Mwenye duka apime meno ya shingo kwanza, halafu urefu, halafu afunge hiyo nati kwa vidole. Ikigoma asilazimishe, nyuzi zake si hizo. Na akikwambia ni karibu sawa, toka hapo dukani.

Jirani yetu Nthiwa anashuka Emali leo, atawapa watu wa basi barua hii wakuletee. Ukituma bolti mpya Alhamisi, Kilonzo atafunga Ijumaa. Zisipofika, mbuzi watangoja, hata kama Mzee Mutiso atanuna. Wili spana, ile ya kukazia nati za gurudumu, nimeificha chini ya godoro langu. Anko ameitafuta tangu asubuhi, amefokea hata kuku.

Mama anakusalimu, na mwanangu Kathini anauliza kama mtoto wa Nzilani atakuwa msichana. Msalimie Nzilani sana.

Nilikuwa nakunja barua hii, Anko akaingia jikoni peke yake, akakalia kigoda changu. Nikajitayarisha kugombana. Akaangalia mlangoni kwanza, kisha akaniambia polepole, "Wayua, wazee wakija nitakuuliza ile spana tena. Usinipe." Akamaliza chai yangu, akatoka nje akipiga kelele nani amechukua spana.

Basi chagua vizuri, kakangu. Mungu akushike mkono hapo dukani, na amlinde Nzilani na aliye tumboni.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyetulia,
Wayua.